Mlima Kenya kwa mabegi yetu wenyewe, Chogoria hadi Sirimon mwezi wa 12. Twende au tuahirishe?

mtembezi_dom
Wakuu habarini. Mimi na jamaa yangu tunataka kuingilia geti la Chogoria tutokee geti la Sirimon, siku tano katikati ya Desemba, hema, jiko la gesi, chakula, vyote mgongoni. Mlima Meru wa Arusha tulishapanda ila kule unalala kwenye kitanda, vibanda vya Miriakamba halafu Saddle, na askari wa hifadhi yuko na wewe na bunduki yake, sasa hii ya kulala kwenye hema juu ya mita 4,000 ndo hatujawahi. Kinachonichanganya ni mvua. App moja inasema jua, nyingine inasema radi, kesho yake nikifungua zimebadilishana. Nisubiri Januari? Na begi langu ni kilo 19 bila maji, ni kawaida au nimejaza takataka?

kiatu_kimoja
Mkuu achana na app, hiyo mara nyingi inakusomea mvua ya mjini huko chini. Wewe angalia saa yako. Asubuhi mlima uko mweupe kabisa unaona mpaka mawe ya kileleni, saa nne saa tano wingu linaanza kupanda kutoka bondeni, saa nane mnanyeshewa na juu kabisa inakuwa mvua ya mawe au theluji. Si kila siku lakini siku nyingi ndo hivyo. Kwa hiyo saa 12 asubuhi uwe unatembea na saa saba hema limeshasimama.

Sisi tulichelewa kutoka kwa sababu ya mtu mmoja na chapati zake (simtaji yumo humu), mvua ikatukuta wazi kabla ya kambi. Hema la kukodi, mshono wa juu unavuja. Slipingi begi yangu ilikuwa ya manyoya, ikilowa ile kitu inakuwa kama kuku aliyemwagiwa maji ya moto, manyoya yote yanakusanyika pembeni huku katikati umebaki na kitambaa. Nilikuwa nataka kuwasha jiko kidole gumba kinagoma kuzungusha kiberiti cha gesi, tukapokezana watu watatu mpaka kikawaka. Asubuhi jua zuuri kama hakuna kilichotokea, tukageuza.

mbeba_mizigo
Mimi nimebeba mizigo ya wageni hiyo njia miaka sita. Upande wa Chogoria ndio hunyeshewa zaidi, Sirimon huwa kavu, kwa hivyo msishangae siku mbili za kwanza zikiwa matope halafu upande ule mwingine mavumbi. Hata hiyo barabara ya kutoka mjini kwenda geti ikinyesha gari ndogo haifiki. Januari na Februari ni afadhali, ila usiku ukikosa mawingu baridi huwa kali zaidi, maji ya chupa yanaganda ndani ya hema. Mkilazimisha Desemba ongezeni siku moja ya kungoja. Mtu akiwa na siku tano kamili na tiketi ya basi mfukoni huenda tu hata mlima ukimkataza.

Ukungu ukishuka mkiwa karibu na vijiziwa vya Hall Tarns kaeni hapo hapo. Kuna genge la mwamba linaangalia Ziwa Michaelson, mchana ni picha nzuri sana, kwa ukungu hulioni mpaka uwe umefika. Na chukueni gaidi (mtu wa kuwaongoza njia) hata kama mnabeba wenyewe, getini mtu wa peke yake haruhusiwi na nyinyi wawili mmoja akiumia anabaki mmoja.

mama_hema
Kilo 19 ni nyingi, hujaweka hata maji. Toa jinzi zote, ikilowa huko juu haikauki. Kile kifuniko cha begi upepo unakichukua, we weka nailoni nene NDANI ya begi, humo slipingi begi na nguo za kulalia na hizo nguo usizitembelee hata siku moja, asubuhi unavaa zile mbichi za jana unalia kidogo unazoea.

Pia muangaliane. Mwenzio akianza kujikwaa, anaongea kama kalewa, au alikuwa anatetemeka halafu kaacha ghafla wakati bado kalowa, msikae kubishana kama ni baridi au ni kuumwa kwa sababu ya urefu wa mlima. Akiwa kalowa kwanza mbadilishe nguo apate joto, halafu mteremke, hata kama kilele cha Lenana kimebaki saa moja.

mtembezi_dom
Asanteni sana. Nimemwaga begi sebuleni: jinzi mbili, stendi ya kamera, viazi kilo mbili (jamaa alisema vinashibisha), kitabu. Imebaki kilo 14. Na tumesogeza mpaka wiki ya mwisho ya Januari, siku sita, na gaidi. Chakula usiku mnaacha nje ya hema au?

kiatu_kimoja
Ukifika kambi ya Shipton's ukiacha hata ganda la ndizi pimbi wanakuja familia nzima. Wala hawakimbii, wanakuangalia tu.

mbeba_mizigo
😂 Walinifungulia zipu ya begi hao. Weka ndani, ulalie.