Mji ulianza na hekalu au na ghala?

Mzee wa Bao: Wakuu, jana kijiweni nusura tutoane macho. Mimi nasema dini ndiyo iliyozaa ustaarabu wa kwanza. Tazameni Göbekli Tepe, kusini mashariki mwa Uturuki. Nguzo za mawe zenye umbo la T, nyingine zinapita mita 5, zimechongwa mbweha, nyoka na nge. Zina zaidi ya miaka 11,000, na waliozisimamisha walikuwa wawindaji, hata chungu cha kupikia hawakuwa nacho. Mtu anayeishi kwa upinde atavutaje jiwe la tani kadhaa kama hakuna mungu anayemwogopa? Kanusheni.

Kalamu ya Udongo: Mkuu, umeganda kwa Klaus Schmidt. Yeye ndiye aliyeanza kuchimba pale 1995 na kusema hekalu lilitangulia, mji ukafuata. Baadaye zimeonekana nyumba za kuishi, mawe ya kusagia nafaka, hadi mahali pa kukingia maji ya mvua. Watu walikaa hapohapo. Twende Uruk, mji wa kale wa Wasumeri kusini mwa Iraki. Maandishi ya mwanzo kabisa, karibu 3300 KK, yametoka kwenye eneo la hekalu la mungu wao wa kike, Inanna, na usitegemee kukuta sala. Ni hesabu tupu: shayiri kiasi gani, kondoo wangapi, bia mitungi mingapi. Kuhani alikuwa karani wa stoo, na stoo ilikuwa ya bia.

Ummu Salma: Hapo kwenye bia ndipo ulipotaka kufika tangu mwanzo. Kila ikitajwa dini lazima mlete ulevi. Kuna watu wanafunga na kuswali humu, tuheshimiane.

Kalamu ya Udongo: Dada yangu, bia ilikuwa sehemu ya ujira. Mfanyakazi anapewa shayiri na bia kama wewe unavyopokea mshahara kwenye simu.

Ummu Salma: Mshahara wangu haulewi.

Mtoto wa Busia: 😂😂 Lakini jamaa hadanganyi. Kuna mihuri ya Sumeri inaonyesha watu wameketi wakizunguka mtungi, kila mmoja na mrija wake. Nilipoiona nilidhani ni wazee wa kwetu na busaa. Hata vichujio vya ncha ya mrija vimechimbuliwa huko, maana machicha yanaelea na hutaki kuyameza.

Kata Mbili: Kunyonya pombe kwa mrija kama mtoto na soda? Njoo Moshi ufundishwe. Mbege ni kwa kata, inapita kwa mkono, mkubwa anaanza.

Mtoto wa Busia: Mbege ni uji wa ndizi uliokosa adabu.

Kata Mbili: Futa hiyo kauli.

Mzee wa Bao: Nimeleta ustaarabu, mmefungua kilabu.

Ummu Salma: Ustaarabu gani, wa Firauni aliyechapa watumwa mijeledi wamjengee kaburi?

Kalamu ya Udongo: Hilo la watumwa wa piramidi limeshapitwa. Pale Giza wamechimba makazi ya wajenzi, wakakuta matanuri ya mikate na mifupa ya ng'ombe lukuki. Na 2013 hukohuko Misri, mahali paitwapo Wadi al-Jarf, zilipatikana karatasi za mafunjo, shajara ya msimamizi mmoja aitwaye Merer, anaandika siku kwa siku kikosi chake kilivyosafirisha mawe ya chokaa kwa mashua kutoka machimbo ya Tura. Miaka zaidi ya elfu moja baadaye, mwaka wa 29 wa utawala wa Firauni Ramesses wa Tatu, mafundi wa makaburi ya wafalme waligoma. Posho ya nafaka imechelewa, wakatupa zana, wakaenda kuketi nyuma ya hekalu, wakisema njaa imewaleta. Mbona hawakwenda sokoni? Nafaka ilikuwa kwenye maghala ya mahekalu, ndiyo hoja yangu.

Chaki Nyeupe: Bora wao walikuwa na pa kukaa. Mimi nimefundisha shule moja ya dini miaka minne. Mshahara ukichelewa tunaitwa, tunaombewa, tunaambiwa ualimu ni wito. Siku ya ada mzazi haambiwi ni wito.

Ummu Salma: Usichanganye dini na wanaoila dini.

Chaki Nyeupe: Nitofautishie basi, maana risiti walikuwa wanatoa haohao.

Fundi Bomba: Nyote mmelala. Mji wa Mohenjo-daro, bonde la mto Indus, Pakistani ya leo, karibu 2500 KK. Nyumba kwa nyumba ina sehemu ya kuogea, maji machafu yanashuka kwenye mfereji wa matofali ya kuchoma, umefunikwa, una mashimo ya kukusanyia taka ili msafishaji afike. Hekalu la uhakika hawajaliona hadi leo. Mji mzima umesimama kwa mteremko na tofali la kipimo kimoja. Mimi napasua barabara hapa mjini nakuta bomba la maji safi limelazwa ndani ya mtaro.

Mzee wa Bao: Na lile bwawa lao kubwa lililozibwa kwa lami, lenye ngazi pande mbili? Kuna wataalamu wanasema ni la kujitakasa. Udhu huo, fundi!

Fundi Bomba: Kama kila palipo na maji ni ibada, mimi ni sheikh mkuu.

Ummu Salma: Astaghfirullah.

Kata Mbili: Bado nasubiri ile kauli ifutwe.

Mtoto wa Busia: Nitaifuta Jumamosi, nina safari ya Moshi. Kata moja inaingia kiasi gani?