Nimeuziwa viatu vya mlima vilivyokaa stoo zaidi ya miaka kumi, soli imebanduka usiku wa kileleni, na duka linasema nimeviharibu mwenyewe

Wakuu, salaam. Naandika nikiwa na hasira, mtanivumilia.

Mimi ni mwanamke, mwongoza watalii msaidizi, huu mwaka wa sita napanda Kilimanjaro na wageni. Naishi Moshi. Duka ninalolilalamikia liko Dar, linatangaza Instagram na kupokea oda WhatsApp, "vifaa orijino vya kupandia mlima". Jina silitaji kwa sasa, nimeshauriwa nisubiri malalamiko yangu yapokelewe rasmi kwanza.

Kwa wasiojua, kupata kiatu cha mlima cha mwanamke hapa mjini ni shughuli. Ukienda kwa wanaokodisha vifaa, rafu zimejaa 42 mpaka 46, maana vingi vimeachwa na wageni wanaume. Kiboriloni na Memorial nimezunguka mpaka wauza mitumba wananijua kwa sura. Ukibahatisha namba yako, unakuta kifundo kimelegea, au cha kulia na cha kushoto havikuzaliwa pamoja. Miaka mitano nimepanda na viatu vya kuazima, namba 41, nimejaza soksi. Mwaka huu nikasema imetosha. Nikaweka tipu zote za Januari na Februari, nikafikisha 435,000.

Tarehe 6 Mei nikawaandikia. Maongezi yote ninayo, sijafuta hata moja. Nikawaeleza kabisa kwamba navitaka kwa kazi ya Kilimanjaro, nafika navyo kileleni, nataka 39. Mguu wangu ni 38, ila aliyewahi kushuka ule mlima anajua kwa nini niliomba 39. Ukitoka Uhuru, mita 5,895, siku hiyo hiyo unateremka mpaka kambi ya Mweka, iliyo kwenye kama mita 3,100, na vidole vinagonga mbele masaa yote hayo. Kiatu kilichokukaa sawasawa dukani kitakufikisha Mweka kucha zimekuwa nyeusi. Wakanijibu, "Hivi ndivyo vyenyewe mpenzi, hata Everest unafika." Nikalipa kwa Lipa Namba dakika ile ile. Risiti ya EFD, ile ya mashine ya kodi, nikaambiwa itakuja na mzigo. Mpaka leo haijaja.

Siku tatu walizoahidi zikawa kumi na moja. Hilo nalipita, mizigo ya mabasi tunaijua. Mzigo ukafika, namba 38. Nikauliza, nikajibiwa, "Ni vile vile mpenzi, vinatanuka." Kiatu cha mlima puani kimezungushiwa raba ngumu ya kukinga vidole na mawe, kitatanukia wapi? Nikavirudisha kwa basi, 10,000 yangu, nikasubiri tena.

Tarehe 2 Juni nikapokea boksi la pili pale stendi, na hivi ndivyo viatu ninavyovilalamikia. Boksi lilikuwa limepauka upande mmoja, kona zimelainika kama lililowahi kunyeshewa. Vyenyewe vilikuwa vinang'aa. Ngozi imepakwa mafuta, raba ya chini haina hata vumbi. Nikavivaa ndani kwanza, kisha nikatembea navyo msitu wa Rau mara mbili, nikaenda navyo Materuni kuvizoesha mguu. Vilinikaa vizuri, siwezi kuwadanganya. Nilimpigia hadi mama nikamwambia sasa nina viatu vyangu.

Juni 24 tukaingia geti la Machame na wageni sita. Shira sawa, Lava Tower sawa, Barranco sawa. Kambi ya Karanga asubuhi nikaona punje nyeusi mlangoni mwa hema langu, nikazifagia kwa mkono nikijua ni changarawe. Hazikuwa changarawe.

Usiku wa kileleni tulitoka Barafu, kambi ya mwisho kabla ya kilele, saa 6 kasoro. Ilipofika kama saa 9:40, tukiwa karibu mita 5,300, mguu wa kulia ukaanza kubonyea kila nikikanyaga, kama nakanyaga mkate. Nikainama na tochi ya kichwa. Soli yote ya raba kuanzia kisigino mpaka katikati ya unyayo imeachia, inaning'inia. Ile sehemu nene iliyo kati ya raba na ngozi, ile inayobeba uzito wako, imegeuka unga. Nikiigusa kwa glavu inamwagika juu ya jiwe kama mkaa uliosagika. Nikafunga kwa kamba na plasta ya jeraha. Hatua ishirini, kamba imekatika kwenye mawe. Nikafunga tena. Haikupita nusu saa, cha kushoto nacho kikaachia.

Nyuma yangu alikuwa mama mmoja wa miaka 61. Tangu Barafu alikuwa anapanda macho yake kwenye visigino vyangu, ninapokanyaga ndipo anapokanyaga. Hakuwa na kichwa kinachouma wala kutapika, oksijeni tulipompima ilikuwa nzuri. Mwendo wake tu ulikuwa mdogo. Kiongozi wetu akanimulika miguuni akasema, "Mdogo wangu, hapa hapana, shuka." Tulikuwa waongozaji watatu kwa wageni sita, na mmoja akishuka wawili wanaobaki hawawezi kugawana kundi lenye mwendo tofauti kiasi hicho usiku, kwenye baridi ambayo maji yalikuwa yameganda ndani ya mpira wa kunywea. Ikabidi yule mama ashuke na mimi. Alielewa. Alinipa pole mimi, yeye ambaye alilipia safari nzima na alikuwa na nguvu za kufika Stella Point, pale ukingoni mwa kreta.

Nilifika Barafu miguu imefungwa kamba za hema, soksi zimetoboka, kisigino kinatoka damu. Mgumu mmoja, yaani mbeba mizigo, kijana ambaye naye anapanda na alichojaliwa, akavua viatu vyake akanipa. Yeye akateremka mpaka Mweka na raba za kutembelea mjini, mzigo kichwani. Hilo ndilo linaloniuma kuliko laki nne.

Sasa sikieni huduma kwa mteja ya hawa watu.

Julai 1 nikawatumia picha kumi na mbili na video fupi. Tiki mbili za bluu, kimya. Nikapiga, haipokelewi. Siku ya pili likaja jibu, "Viatu umeshavitumia, hatuwezi kurudisha." Nikawaambia nimevitumia kwa kazi mliyoniuzia. Ukaja ujumbe wa sauti, sekunde kumi na nne, nimeusikiliza mpaka nimeukariri: "Dada, viatu vina matunzo yake, huwezi kuvipeleka mlimani ukavipigisha mawe halafu uturudishie sisi." Viatu vya mlima! Ningevipeleka wapi? Mlipoandika kwenye tangazo "vya mlima" mlikuwa mnamaanisha mlima gani ambao hauna mawe?

Na muone majina yalivyobadilika. Wakati wa kulipa nilikuwa "mpenzi". Nilipolalamikia soli nikawa "dada". Nilipotaja kurudishiwa hela, kijana aliyepokea simu akaniambia, "Wewe unatusumbua, bosi kasafiri." Nikaenda kuandika chini ya tangazo lao, nikaandika kwa adabu kabisa, wakafuta ndani ya saa moja na kunibloku. Nimeingia kwa simu ya mdogo wangu, tangazo bado lipo, picha ile ile, wameongeza "39 na 40 zimebaki chache". Yaani vingine bado wanaviuza. Kuna mtu atavivaa.

Mimi siyo mtu wa kulalamika bila kujua, kwa hiyo nilivipeleka kwa fundi wa viatu Majengo, mzee ambaye ametengeneza viatu vya wapanda mlima tangu sijazaliwa. Akabonyeza kwa dole gumba, unga ukamwagika kwenye meza yake. Hakushangaa. Akafunua ulimi wa kiatu, ndani kabisa kuna kitambaa kidogo cheupe kimeshonwa, akasafisha miwani na kunisomea: 09/2013. Kiatu nilichouziwa kipya kilitengenezwa Septemba 2013.

Akanieleza ambacho duka lilitakiwa kunieleza. Soli ya kati ya viatu vingi vya mlima ni poliyurethani. Ni nzuri, inabeba uzito mkubwa bila kubonyea, lakini ina adui mmoja, unyevu wa hewani. Unyevu unaivunjavunja polepole kutoka ndani, na joto linaharakisha. Hauchagui kiatu kilichovaliwa au ambacho hakijavaliwa. Kikiwa ndani ya boksi, stoo, kinaendelea kuoza tu, na kwa nje huoni kitu, kwa sababu ngozi ni nzima na raba ya chini ni nzima. Baada ya miaka kadhaa unakivaa, unatembea kidogo, siku ya mzigo mzito kinasambaratika chote kwa mara moja. Sasa chukua kiatu hicho ukiweke stoo Dar, joto lile na unyevu ule wa baharini, miaka yote hiyo. Fundi akasema, "Hukukiharibu mwanangu, ulikinunua kimekufa."

Raba ya chini yenyewe ilikuwa haijaisha hata kidogo, ina ile alama ya njano ya Vibram. Hiyo soli ina historia ambayo muuza vifaa vya mlima anapaswa kuijua. Mwaka 1935 Mwitaliano Vitale Bramani alipoteza wenzake sita mlimani huko Alps, na sehemu ya sababu ilikuwa viatu visivyofaa kwa hali ya hewa iliyowakuta. Miaka miwili baadaye akatoa soli ya raba yenye meno, ndiyo tunayoivaa mpaka leo. Soli hiyo imetokana na msiba. Halafu mtu anaishika, anaibandikia bei, anamwambia mteja kuwa hayo ni matunzo yake.

Nimeambiwa pia tusiojua sheria ndio tunaoonewa, kwa hiyo nimesoma. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, inataka bidhaa iliyouzwa kwa maelezo ilingane na maelezo yake, na ukimweleza muuzaji kazi unayoitakia ukategemea ujuzi wake, iifae kazi hiyo. Niliwaandikia Kilimanjaro, wao wakanijibu Everest. Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015 nayo ina sehemu ya kumlinda mlaji anayenunua mtandaoni, na Tume ya Ushindani ipo kwa Sheria ya Ushindani ya 2003. Barua yangu kwa Tume nimeshaiandika, na nimeambatisha picha, SMS ya muamala, ule ujumbe wa sauti na picha ya kile kitambaa cheupe.

NYONGEZA, Jumatano jioni:

Nimesoma maoni yenu yote. Aliyesema ningebandika gundi, soli haikubanduka gundi, sehemu ya kushikia gundi ndiyo imekuwa unga. Aliyesema nilitakiwa kukagua, nilikagua kila kitu nilichokijua, na tarehe sikuijua, nakubali. Sasa naijua, na ninyi mnaonunua mtandaoni ombeni picha ya hicho kitambaa kabla ya kulipa. Akikataa kuipiga, msilipe. Kwa aliyeuliza kama vinaweza kuvalishwa soli mpya, fundi anasema ngozi inafaa, lakini kazi ya kuweka soli kamili ya mlima hawezi kuifanya hapa kwa vifaa alivyonavyo, na mimi sitapanda na kitu cha kubahatisha nikiwa na watu nyuma yangu.

Kuna kaka amenitumia ujumbe, yuko Arusha, anapanda Meru. Alinunua duka hilo hilo mwezi wa nne. Nikamwambia afunue ulimi. Chake kinasoma 09/2013 pia. Ana safari Jumamosi. Amesema haendi navyo.

Mwenye duka, najua unasoma, maana tangazo umelishusha mchana huu baada ya uzi kusambaa. Kulishusha hakujanilipa. Namba yangu unayo, nifungulie. Nataka 435,000 na ile 10,000 ya basi, na nataka uwapigie simu wote uliowauzia mzigo ule kabla hawajafika getini. Mimi napanda tena tarehe 18, na viatu vya kukodi, 41.