Naomba ushauri: haki za raia katika katiba ya jimbo na katiba ya Marekani

Ndugu wanachama, nawasalimu kwa heshima. Hapa Columbus, Ohio, ninawasaidia wazee wetu waliotoka Kongo kujiandaa kwa mtihani wa uraia, na nimekwama. Muundo wa serikali ya jimbo wanauelewa: gavana, Seneti ya wajumbe 33, Baraza la Wawakilishi la wajumbe 99, na Mahakama ya Juu yenye majaji 7. Kinachotatiza ni haki. Nimewaeleza kwamba Tamko la Haki la mwaka 1791, yaani marekebisho kumi ya kwanza ya katiba ya Marekani, liliibana serikali ya shirikisho pekee, na kwamba Marekebisho ya 14, ya mwaka 1868, ndiyo yaliyowawezesha majaji kuyabana majimbo pia, hatua kwa hatua; ndipo mama mmoja akauliza kwa nini basi Ohio ina orodha yake ya haki katika katiba ya 1851. Swali zuri mno, na jibu langu halikumridhisha. Nimezisoma katiba zote mbili, sikupata mfano mwepesi.

Naomba mnisaidie: ni kesi gani inayoonyesha katiba ya jimbo ikimlinda mtu kuliko ile ya shirikisho? Na afisa wa jimbo akivunja haki, mlalamikaji aanzie mahakama ipi?