Rangi za maji zinageuka tope na karatasi inajikunja, nifanyeje?

Swali: Habari wakuu. Nimezoea penseli na mkaa, sasa naanza rangi za maji. Karatasi ya gramu 120 inajikunja, na nikipaka tabaka la pili rangi zinageuka tope. Mkaa wa mchoro wa chini nao unachafua kila kitu.

Jibu 1: Anza na karatasi. Chukua ya gramu 300 kwa mita ya mraba, ya pamba ukiweza. Hata hiyo ibandike ubaoni kwa tepu pande zote nne, usiitoe hadi ikauke kabisa. Tope lina sababu mbili: kupaka juu ya tabaka bichi, na kuchanganya rangi zinazouana, kama nyekundu na kijani. Gusa karatasi kwa mgongo wa kiganja. Ukihisi ubaridi, bado ina maji ndani, subiri. Nenda kutoka rangi nyepesi hadi nzito. Weupe ni karatasi yenyewe, kwa hiyo panga mapema sehemu usizozigusa.

Jibu 2: Mkaa achana nao hapo. Ni vumbi lisiloshikamana, brashi yenye maji inalisambaza. Chora kwa penseli ya HB (ugumu wa kati), mkono mwepesi. Penseli ngumu ukiikandamiza inakwaruza karatasi na rangi inajikusanya kwenye mikwaruzo.

Muuliza swali: Asanteni sana. Na akriliki (rangi ya plastiki inayochanganywa na maji) juu ya rangi ya mafuta?

Jibu 2: Usifanye. Haishiki vizuri kwenye mafuta, itabanduka. Kinyume chake kinafaa: akriliki nyembamba chini, ikauke, kisha mafuta juu.