Naomba ushauri: burudani kwa mdogo wangu mwenye usonji

Habari zenu ndugu zangu. Mdogo wangu wa kiume ana miaka 26 na ana usonji. Huongea kwa sentensi fupi, na kelele za ghafla humchosha sana. Anachopenda kwa moyo wote ni ramani na ratiba za treni. Huzichora upya kwa muda mrefu, ametulia kabisa. Tulijaribu kwaya, akaziba masikio. Kuogelea kulimfurahisha, ila watu wakiwa wengi hataki hata kushuka garini. Sitaki kumlazimisha achangamke kama wengine, nataka afurahi kwa namna yake.

Je, kupenda ramani kunaweza kuzaa shughuli gani ya kufanya na mwenzake mmoja au wawili? Na nitatambuaje amechoka kabla hajalemewa?