Mjadala: Bodaboda zote ziwe za umeme ifikapo 2030, kwa lazima?

Mtazamaji wa Nakasero
Wakubwa, mkakati wa taifa letu la Uganda unataka ifikapo 2030 pikipiki na magari ya abiria yawe ya umeme, na magari mengine yafuate hadi 2040. Mimi naunga mkono, tena natamani iwe sheria yenye meno, isiishie kwenye semina za hoteli. Ethiopia walizuia kuingiza magari ya petroli Januari 2024 na watu wanaishi. Rwanda wamepiga marufuku pikipiki za petroli. Sisi tuna bwawa la umeme la Karuma, megawati 600, halafu bado tunaagiza karibu kila tone la petroli kupitia Kenya. Mmesahau Januari 2022, madereva wa malori walipogomea kipimo cha Korona mpakani na lita ya petroli ikafika shilingi 10,000 sehemu nyingine? Wanaopinga walete hoja. Ila tafadhali, zisiwe hesabu za stejini, kule bodaboda wanakosubiri abiria, za watu wanaonunua petroli ya chupa ya maji wakidhani wanabana matumizi.

Afande Mstaafu, Bombo
Hapo kwa Rwanda umechanganya. Tangu Januari 2025 hawaandikishi pikipiki MPYA za petroli za kubeba abiria mjini Kigali. Za zamani zinaendelea na kazi.

Namba Tatu Stejini
Hesabu za stejini ndizo zipi ssebo? Wanangu wanasomeshwa na hesabu hizo. Mtu ananunua ya chupa kwa sababu saa kumi na moja alfajiri ana elfu mbili mfukoni na abiria wa kwanza bado hajatokea. Bei tunaijua kuliko wewe unayejaziwa tangi na ofisi.

Mtazamaji wa Nakasero
Sikumtaja mtu. Lakini anayechukua pikipiki kwa mkopo, akailipa miaka miwili, mwisho wa yote ametoa karibu bei ya pikipiki mbili, yeye amehesabu nini?

Namba Tatu Stejini
Amehesabu kwamba benki yako haikumfungulia mlango.

Hajati wa Kisenyi
Banange! Nakasero mwanangu, babako angekuwa bodaboda ungemsemesha hivyo? Na wewe Namba Tatu punguza moto, mwenzio kauliza swali la maana akaliharibu kwa mdomo wake mwenyewe. Hesabu mbovu nimeziona kwa wenye shahada pia, tena za mabilioni.

Jinja Hatulali
Mbona hakuna anayetaja Kiira Motors, kampuni yetu ya kutengeneza magari? Gari la umeme la Makerere lilitoka 2011, kabla hao Waethiopia hawajawaza. Kiwanda kiko hapa kwetu Jinja. Tuna haki ya kujivuna.

Fundi wa Katwe
Jivune tu, nani kakuzuia? Hizo basi zao za Kayoola za umeme za mwanzo ziliunganishwa Nakasongola, kwenye kiwanda cha jeshi. Wewe umepanda ngapi kwenda kazini?

Jinja Hatulali
Kuunganishwa Nakasongola si Uganda? Chuki tu.

Mwana wa Arua
Mnapigania Jinja na Nakasongola, sisi huku miaka yote tumeponea umeme wa maji wa bwawa dogo la Nyagak, gridi ya taifa ndiyo kwanza imetufikia. Umeme wa Karuma upo, sawa. Upo Karuma. Mtu akitoka Koboko kwenda Yumbe betri ikamwishia njiani, aibadilishe kwa yenye chaji wapi, kwenye mwembe? Hiyo 2030 imeandikwa na mtu ambaye Yaka yake, mita ya umeme wa kulipia kabla, haijawahi kumaliza yuniti usiku.

Mtazamaji wa Nakasero
Vituo vitajengwa mahitaji yakiwepo, na mahitaji yanaletwa na sheria. Hata vituo vya petroli havikushuka kutoka mbinguni.

Mwana wa Arua
Vituo vya petroli vilifuata magari. Hakuna aliyetuamuru kuacha punda kwanza.

Afande Mstaafu, Bombo
Mimi naangalia kodi. Ushuru wa petroli uliongezwa shilingi 100 mwaka 2024, ukawa 1,550 kwa kila lita. Sasa serikali hiyohiyo ije ilazimishe watu waache petroli? Halafu Hoima kuna mafuta, bomba la kilomita 1,443 linakwenda Tanga, na kiwanda cha kusafisha kimeshatiwa saini. Msiniambie Norwei wanauza mafuta na wanaendesha umeme, najua. Wao waliondoa kodi kwenye magari ya umeme mpaka mtu wa kawaida akaona la petroli ndilo ghali. Hawakumnyang'anya mtu ufunguo.

Jinja Hatulali
Norwei wana pesa. Afande na pensheni yako unalinganisha nini?

Afande Mstaafu, Bombo
Pensheni yangu imeingiaje hapa, kijana? Ingekuwa inalipwa kwa wakati ningekujibu vizuri.

Namba Tatu Stejini
Sijamaliza. Mnadhani tunakataa umeme kwa ujinga. Pale kwetu wapo wenye za umeme, na kwa siku wanatumia pesa kidogo kuliko sisi, hilo sibishi. Kelele hakuna, oili hakuna, mlima wanapanda. Tatizo ni kwamba pikipiki ni yako na betri ni ya kampuni. Mwenzetu mmoja alichelewesha malipo, pikipiki ikazimwa kutoka ofisini, yeye yuko barabarani na abiria mgongoni. Jina la kampuni naliacha. Na betri ya hawa haiingii kwenye pikipiki ya wale, kwa hiyo kituo chao kikiishiwa betri zenye chaji unakaa unasubiri kama uko kliniki. Mimi nikigombana na kituo kimoja cha mafuta, navuka barabara.

Mtazamaji wa Nakasero
Mkataba aliusoma kabla ya kutia saini?

Hajati wa Kisenyi
Tumerudi kulekule! Mwache. Hoja yake nzito: ukimlazimisha kutumia umeme kabla hajawa na betri yake, umemtoa kwa mwenye mkopo ukamkabidhi kwa mwenye betri. Sako za steji, vyama vyao vya akiba na mikopo, zikopeshwe, zinunue betri zenyewe, watu wakodishane wao kwa wao.

Mtazamaji wa Nakasero
Sako? Zile za viongozi wanaohama mji na akiba? Mnataka nini hasa, serikali imiliki betri? UEDCL ya serikali ilipopokea nyaya za umeme kutoka kampuni binafsi ya Umeme, Machi 2025, ni nyinyi hao hao mlilia giza.

Namba Tatu Stejini
Nataka betri yoyote iingie kwenye pikipiki yoyote. Wakiandika hilo kwenye sheria, mwaka waweke wanaoutaka, hata 2028.

Fundi wa Katwe
Na sisi mafundi turuhusiwe kuzifungua. Sasa hivi ikiharibika inarudishwa kwao, fundi anabaki kuangalia tu.

Mtazamaji wa Nakasero
Betri ya lithiamu ikilipukia Katwe nani atajibu?

Fundi wa Katwe
Katwe tunachomelea matangi ya petroli tangu enzi za Amin. Lete hiyo betri.