Zenoni kwenye gari la zamani: zing'olewe zote?

Wadau, naomba tulijadili hili bila kufokeana. Wiki jana usiku nilikuwa Barabara ya Kiambu, pale inapopita msitu wa Karura, nikakutana na gari lenye taa za buluu. Kwa sekunde mbili tatu sikuona kitu. Macho yaliporudi, mbele yangu palikuwa na mtu anasukuma mkokoteni. Nilimkwepa. Hadi leo nikifumba macho namwona akigeuza shingo.

Nilipolieleza kwenye mkutano wa wakaazi wa mtaa wetu, jirani ninayemheshimu sana alisema dawa ni moja: zenoni yoyote (zile taa kali za mwanga mweupe unaoelekea buluu) ambayo haikutoka kiwandani na gari, polisi waing'oe. Wengi wakampigia makofi. Mimi, niliyeponea chupuchupu, ndiye niliyekataa.

Aina ya taa iliyonipofusha naijua: balbu ya zenoni iliyochomekwa kwenye rifleta (bakuli linalong'aa la kurudisha mwanga mbele) ya halojeni, ile balbu ya kawaida ya kawaya. Rifleta ya H4, aina moja ya balbu ya halojeni, imepigiwa hesabu ya kawaya kanakowaka mahali pamoja tu ndani ya balbu, na chini ya kawaya hako kuna kikombe cha chuma kinachozuia mwanga usipande. Zenoni haina waya. Ni cheche inayowaka kati ya ncha mbili, tena yenye umbo jingine, kwa hiyo rifleta ile huutawanya mwanga ovyo hadi kwenye macho ya anayekuja. Na mwanga wenyewe ni mwingi: H4 kwenye dimu hutoa lumeni (kipimo cha wingi wa mwanga) 1,000 hivi, ilhali D2S, balbu ya zenoni ya kiwandani, hutoa takriban 3,200 kwa wati 35 tu.

Projekta, taa yenye lenzi mbele, ni jambo jingine. Ndani yake kuna kibati kinachokata mwanga wa juu. Simamisha gari mbele ya ukuta uone: juu giza, chini mwanga, na mstari katikati kama umekatwa kwa kisu. Ndizo nilizofunga kwenye Corolla 110 yangu, mtumba kutoka Kirinyaga Road, zilizotolewa kwenye gari la Japani. Hilo la Japani lina maana. Wao hupita kushoto kama sisi, kwa hiyo mstari wao hupanda upande wa kushoto, kwenye ukingo wa barabara. Ukinunua za Ujerumani au Marekani, unapanda kulia, usoni pa mwenzako.

Fundi alipasha taa joto hadi gundi ikalainika, akatoa kioo, akafunga projekta, akaziba tena mvuke usiingie. Kazi iliyotuchelewesha ilikuwa kuelekeza: gari mita 10 kutoka ukutani, tepu ukutani, mstari ushuke sentimita 10 chini ya usawa wa lenzi. Alirudia mara nne, na sikumharakisha. Sasa naona mbali kuliko zamani, na wanaokuja hawaniwashii ful kunilalamikia.

Kwa nini mwenye taa hii aadhibiwe pamoja na yule wa Karura?

Jibu, dereva wa matatu:
Mkubwa, wewe ulipata ukuta na fundi mwenye subira. Wengi hufungiwa kando ya barabara kwa nusu saa. Halafu nikijaza abiria, nyuma inalala, pua inainuka, na mwanga unainuka nayo. Ulaya zenoni ya kiwandani yenye mwanga mwingi kama wa hiyo D2S lazima ijisawazishe yenyewe na iwe na kifaa cha kuosha kioo. Yako inavyo?

Jibu, mwanzisha mada:
Hapo umenishika, ndugu yangu. Yangu haina. Nikienda ushago na mizigo huishusha kwa skrubu kabla ya kutoka, lakini siwezi kuahidi kwamba kila mtu atakumbuka. Kwa gari la abiria nakubaliana nawe: bila kifaa cha kujisawazisha, isifungwe.

Kwa gari dogo bado nasimama palepale. Kinachotakiwa kupimwa ni ule mstari. Askari akitazama rangi tu atamwachilia mwenye halojeni iliyoelekea mawinguni, nayo pia hupofusha. Ukuta na tepu vinatosha, na kituo chochote cha ukaguzi kina ukuta.

Jumamosi saa moja jioni nitakuwa uwanja wa nyuma wa mtaa wetu, Roysambu, na tepu yangu. Njoo na matatu ikiwa tupu, tuweke alama, kisha tuipakie watu tuone mstari unapanda sentimita ngapi.